Jangwa la Nyuma ya Mikoko

Kijijini kwetu, kusini mwa jiji la Tanga katika njia iendayo Pangani, jangwa si mahali pa mbali. Ni ule uwanja mweupe ulio nyuma ya mikoko, ambao maji ya bahari huufikia wakati wa bamvua tu, yaani siku za maji makubwa, kisha jua huyakausha na kuacha gamba la chumvi linalovunjika chini ya nyayo kama ukoko wa wali unapokwanguliwa sufuriani. Hapaoti kitu, isipokuwa michu, jamii ya mikoko, mifupi na iliyodumaa pembezoni, ambayo bibi alidai ina kimo kilekile tangu alipokuwa mwali. Sisi watoto tulilikata jangwa hilo kila tulipotumwa dukani, kwa kuwa njia ya kulizunguka ilikuwa ndefu, na tulikuwa na amri moja: kabla ya kukanyaga, tazama rangi. Palipo peupe pamekauka; palipo na weusi wa kung'aa pana tope la kumeza mguu hadi gotini. Nilipokuwa na miaka tisa niliisahau amri hiyo siku moja tu, na kandambili yangu ya kushoto imo humo mpaka leo.

Mwalimu wetu wa jiografia alipochora ramani ya Afrika ubaoni na kuandika "Jangwa la Sahara" kwa herufi kubwa, nilichokiona kichwani mwangu kilikuwa uwanja ule ule uliokuzwa, wenye mikoko upande mmoja na bahari mbele kidogo. Nilimuuliza maji hufika lini. Darasa zima lilicheka, nami nikanyamaza kwa miaka mingi, mpaka nilipokuja kujua kwamba swali lile halikuwa la kipumbavu kama lilivyoonekana. Ukanda unaopakana na Sahara kwa upande wa kusini, kutoka Senegali na Mauritania hadi Sudani, huitwa Saheli, na jina hilo limetokana na neno la Kiarabu sahil, maana yake ufuko au pwani; wingi wake ni sawahil, ndimo lilimotoka jina letu sisi Waswahili. Walioupa ukanda ule jina hilo waliuona mchanga kuwa ni bahari, na mahali majani yanapoanza kuota kuwa ni pwani yake. Sisi kwa upande wetu tulikuwa na neno la ardhi tupu yenye chumvi, tukalitwaa tukaipa Sahara. Ndiyo maana Jangwani ya Dar es Salaam, iliyo katika bonde la mto Msimbazi, haisifiki kwa ngamia bali kwa mafuriko. Tangu nilipolijua hilo nimekuwa nikisoma habari za watu wa jangwani kwa udadisi wa mtu anayefuatilia ndugu waliohama zamani.

Kilichonifanya niandike leo ni fomu. Msimu wa kusi, upepo wa kusini, uliopita, nikiwa nyumbani kwa likizo, alikuja kijana mmoja mpole kutoka katika taasisi ambayo sitaitaja, akiwa na kishikwambi chenye maswali kuhusu jamii za asili za pwani na uhusiano wao na bahari. Alimwamkia mjomba wangu kwa adabu, "Shikamoo mzee", akakaribishwa kwenye jamvi chini ya mkungu, akaanza. Mjomba alitaja umri wake, idadi ya watoto, aina ya chombo chake, ambacho ni ngalawa, na zana zake, ambazo ni dema, yaani mtego wa samaki wa kusukwa, na mshipi. Walipofika kwenye swali la shughuli inayochukua sehemu kubwa ya muda wake, kijana akamsomea vipengele: kuvua, kushona nyavu, kuuza samaki, kilimo, nyinginezo. Mjomba alifikiri kidogo, kisha akasema, "Andika: kungoja." Kijana alitabasamu akidhani ni mzaha. "Andika tu, mwanangu," mjomba akasisitiza. "Hapa tulipokaa mimi nipo kazini." Kijana alikitazama kishikwambi chake, akagusa "nyinginezo", wakaendelea.

Nimelitafakari sana jibu lile, kwa sababu naona limebeba kitu ambacho maandishi mengi kuhusu watu wa bahari na watu wa jangwa hukikosa. Tunasoma kwamba wanaishi kwa upatanifu na mazingira yao, kwamba wana bahari moyoni na mchanga damuni, maneno matamu ambayo mara nyingi huandikwa na mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao. Mimi nililelewa na wavuvi na sikupata kumsikia hata mmoja akisema anaipenda bahari. Niliwasikia wakiulizana maji yamefika wapi, upepo umekaa upande gani, mwezi una siku ngapi. Kinachowafunga na bahari ni elimu ya wakati: kujua ni lini uende na, zaidi ya hapo, ni lini usiende.

Elimu hiyo ina hesabu yake. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana, kwa hiyo saa ya ukutani haimsaidii mvuvi. Kinachomsaidia ni mwezi. Mwezi unapoandama na unapotimia, jua na mwezi huyavuta maji kwa mstari mmoja, na hapo huja bamvua, ambapo maji hupanda sana na kushuka sana. Katika pwani ya Tanga tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita tatu. Siku ya saba au ya nane ya mwezi, na tena tarehe 22 au 23, huja maji mafu, ambayo hayapandi wala hayashuki kwa kiasi cha kusumbua. Bamvua ni ya waendao kwa miguu, wanawake na watoto wanaotoka miambani na vijiti vyao kuwachokoa pweza. Maji mafu ni ya mshipi, kwa sababu mkondo umelegea na chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, hukaa palepale ilipoangukia. Mjomba hana jedwali la maji lililochapishwa. Anahesabu kwa vidole, na mwezi uleule unaomwambia aanze kufunga Ramadhani ndio unaomwambia alipeleke wapi dema lake. Bibi yangu, ambaye hakupata kupanda chombo maishani, alikuwa akilala na dirisha wazi, na katikati ya usiku ungemsikia akisema peke yake, "Yanarudi." Ukitoka nje kuhakikisha, ungeikuta mitumbwi imeanza kutikisika.

Kwa upepo, kungoja huwa ni kwa miezi. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi, kusi tangu Aprili hadi Septemba, na kati yake kuna maleleji, upepo usiokuwa na msimamo. Majahazi ya Uarabuni na Ghuba yalikuwa yakiteremka kwa kaskazi na tende, chumvi na samaki wakavu, yakarudi kwa kusi. Na kusi ilipokuwa kali, mnamo Juni na Julai, manahodha walihesabu kwamba bahari imefungwa, ingawa hapakuwa na serikali iliyotoa amri hiyo. Miongoni mwa shehena zilizorudi nayo, iliyonishangaza zaidi ni boriti. Mikoko iliyokatwa Rufiji, Lamu na kwingineko katika mwambao huu ilipelekwa Omani, Bahareni na Kuwaiti, nchi ambazo miti ya kujengea ni adimu, ikalazwa juu ya kuta kubeba dari. Upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti, ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za mawe katika mwambao wetu ni virefu na vyembamba, na vyumba vya miji ya Ghuba vilifuata kipimo hichohicho. Mtu wa jangwani aliyelala chali mchana wa joto akihesabu miti ya dari yake, alikuwa akihesabu mikoko yetu.

Hukohuko Omani, katika vijiji vya bara vilivyo mbali na pwani, kungoja kumefanywa sheria. Maji hutolewa chini ya milima na kuletwa mashambani kwa mifereji iitwayo aflaj, mingine ikipita chini ya ardhi kwa kilomita kadhaa, na mitano kati yake iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Kinachogawanywa humo ni muda. Kila shamba lina zamu yake, na zamu hizo zilipimwa mchana kwa kivuli cha kijiti kilichosimikwa, na usiku kwa mwendo wa nyota. Mtu aweza kurithi nusu saa ya maji kutoka kwa baba yake, kama sisi tunavyorithi minazi. Niliposoma hivyo nilikumbuka jinsi shangazi zangu walivyogombania minazi minne kwa miaka sita, nikajiuliza kesi ya nusu saa ingesikilizwa vipi.

Nyota nazo tumegawana. Kile kikundi cha nyota ndogo kiitwacho Kilimia, ambacho jina lake limetokana na kulima, wazee walikitolea msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mabedui wa Uarabuni huziita nyota hizohizo Thurayya, na kwa kuzama na kuchomoza kwake wamehesabu majira ya malisho na ya joto tangu kabla ya Uislamu. Mkulima wa Bonde na mchungaji wa ngamia hawajapata kuonana, lakini huenda usiku mmoja walitazama pamoja juu, kila mmoja akiuliza swali lake kuhusu mvua.

Hata hivyo, kama ningepewa nauli ya kwenda kuwaona ndugu hao, nisingeanza na Uarabuni. Ningekwenda Mauritania, kwenye Ghuba ya Arguin, ambako Sahara haihitaji kufananishwa na bahari kwa kuwa imeingia baharini kwa miguu yake yenyewe. Wenyeji wa hapo ni Waimraguen, wavuvi wachache wanaoishi katika vijiji vidogo kama Iwik na Mamghar, wakiwa na mchanga mgongoni na maji ya kina kifupi usoni. Samaki wao mkuu ni mkizi, yuleyule ambaye sisi tunasema hasira zake ni furaha ya mvuvi, kwa tabia yake ya kuruka mwenyewe na kuangukia chomboni. Mikizi hupita pale kwa makundi majira ya baridi, na Waimraguen wana namna ya kuwavua ambayo, niliposoma mara ya kwanza, nilidhani ni hekaya.

Mtu husimama ufukweni akitazama. Anachokitafuta ni kivuli, rangi nzito inayosogea chini ya uso wa maji. Wenzake wako nyuma, nyavu zimezungushwa kwenye miti waliyoibeba mabegani. Kivuli kinapokaribia, mmoja huingia majini na kuyapiga kwa fimbo, mapigo ya harakaharaka, na kwa mlio huo pomboo walioko nje huja, kwa sababu mlio unafanana na wa mikizi wanaoruka. Pomboo huwasukuma samaki kuelekea nchi kavu. Wavuvi hukimbia majini na kuzifunga nyavu kutoka upande wa pili. Mikizi hubaki katikati, na pande zote mbili hula. Pomboo hao hakuna aliyewafuga. Wanawake huwapasua samaki, huwaanika, hukamua mafuta na kutenga mayai, ambayo yakikaushwa huuzwa ghali kuliko samaki mwenyewe. Uvuvi huu wa kushirikiana na pomboo siku hizi umekuwa wa nadra, na sitaki kuueleza kana kwamba unaonekana kila asubuhi. Lakini eneo hilo lilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1976, lina ukubwa wa kilomita za mraba 12,000 hivi, sehemu mchanga na sehemu maji, na ndani yake mvuvi haruhusiwi kutumia mashine. Waimraguen ndio wenye haki ya kuvua humo, nao huvua kwa mashua za mfano uliotoka visiwa vya Canary, zenye tanga la pembe tatu ambalo mtu wa Tanga akiliona kwa mbali atadhani ni jirani yake anarudi.

Mbele kidogo ya hapo wanapotembea na nyavu begani, kwenye fungu la Arguin, ndipo meli ya kivita ya Ufaransa, Méduse, ilipopanda mwamba wa mchanga tarehe 2 Julai 1816. Watu zaidi ya 140 walipakiwa kwenye chelezo kilichoungwa haraka kwa mbao za meli. Waliookolewa juu yake siku 13 baadaye walikuwa 15. Nasi tunalo fungu letu. Mwaka 1498 São Rafael, mojawapo ya meli za Vasco da Gama, ilikwama kwenye mafungu yaliyo mbele ya Mtangata, ambayo ndiyo Tongoni ya leo, ikangoja maji yajae ndipo ikaelea. Mwaka uliofuata, wakati wa kurudi, mabaharia walikuwa wamekufa wengi kiasi cha kutotosha meli zote, wakaichoma moto karibu na hapohapo. Kila nikipita Tongoni na kuyaona makaburi yenye nguzo na ule msikiti uliobaki kuta, huwa natazama upande wa bahari zaidi kuliko upande wa magofu. Maji yakipwa, watoto wa pale huenda mbali kwa miguu wakiokota kombe, na kabla hayajarudi wao wamekwisha kurudi.

Kuna jambo moja ambalo watu wa jangwani wametushinda. Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa Bedui mgeni ana siku tatu za kula na kunywa, na ni utovu wa adabu kumuuliza mapema anatoka wapi na anataka nini. Sidhani kama tofauti hii inatokana na wema. Mahali ambapo kisima kinachofuata kiko mwendo wa siku mbili, anayemnyima mtu maji amemuua, na mwenye hema leo ndiye aliyepotea kesho. Kwetu kuna mvua na mihogo, na mgeni asiyeshika jembe anakula tu. Majini, lakini, sheria yetu ni ya jangwani. Chombo kilichovunjika foromali, mti wa kubebea tanga, hakipitwi, hata kama mwenyewe ni mtu mliyegombana naye juzi kwa ajili ya dema. Utamvuta hadi ufukweni, kisha mtaendelea na ugomvi wenu mkiwa mmesimama kwenye mchanga.

Elimu ya wakati huonekana zaidi siku ambayo wakati umeharibika. Tarehe 26 Desemba 2004, bahari iliporudi nyuma ghafla katika visiwa vya Surin, Thailand, Wamoken, watu wa bahari wa huko, hawakushuka kuokota samaki waliobaki mchangani. Walikuwa na masimulizi ya wimbi linalokula watu, wanaloliita laboon, wakapanda mlimani. Wimbi hilohilo, likiwa limekwisha kuchoka, lilitufikia mchana, na katika fukwe za Dar es Salaam kuna walioogelea wasirudi. Wanasayansi wamependa kuwapima watu wa bahari kwa njia nyingine: utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta Wabajau wa Indonesia, wapiga mbizi wa vizazi vingi, wakiwa na wengu kubwa kwa asilimia 50 hivi kuliko majirani zao wa nchi kavu. Ni habari ya kuvutia na imesambazwa sana, ila wengu halimwambii mtu apande mlimani.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Katika jangwa la Ténéré, nchini Nijeri, misafara ya chumvi ya Watuareg kati ya Agadez na Bilma ilikuwa ikipita penye mgunga mmoja. Hapakuwa na mti mwingine kwa mamia ya kilomita, na ulichorwa hata katika ramani ambazo kwa kawaida hazichori miti. Kisima kilipochimbwa karibu yake mwishoni mwa miaka ya 1930, ilionekana kwamba mizizi yake imefika kwenye maji yaliyokuwa chini zaidi ya mita 30. Ngamia wenye njaa walipita hapo miaka na miaka, na watu wenye haja ya kuni za kuchemshia chai, na hakuna aliyekata tawi, kwa sababu mti ule ulikuwa na mwiko. Mwaka 1973 dereva wa lori, ambaye inasemekana alikuwa amelewa, aliugonga akauangusha. Mabaki yake yamewekwa katika jumba la makumbusho la taifa mjini Niamey, na mahali pake pamesimikwa mti wa chuma.

Mtu anaweza kucheka: jangwa lote lile, na lori likaupata mti mmoja. Mimi huwa nakifikiria kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Wazee wetu walikijua kikiwa na mivinje na kivuli, mahali pa kupumzikia wavuvi na pa kasa kutagia. Kilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1975, lakini miti ilikwisha, wengi wakitaja kukatwa kwake kuwa ni sababu mojawapo, mchanga ukakosa cha kuushika, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1980 kisiwa kilikuwa kimebaki fungu tu ambalo maji yakijaa hulifunika. Kasa hawajapata taarifa. Bado hupanda kutaga palepale, na mayai yanabidi yahamishiwe ufukweni Ushongo kabla ya bahari kuyafikia. Mjomba hulitaja fungu hilo kwa neno moja tu, jangwa, nami sijamsikia akitumia neno hilo kwa kitu kingine chochote kilicho majini.

Sisemi kwamba mashine ni dhambi. Boti ya mashine ndiyo iliyomwahisha mke wa binamu yangu hospitali usiku wa kusi, na mtoto aliyezaliwa siku hiyo sasa anasoma. Tatizo lake ni kwamba inamwondolea mtu ulazima wa kungoja kabla hajajifunza kilichokuwa kikingojewa. Baruti ilikuwa mbaya zaidi. Katika utoto wangu tulizoea kuisikia asubuhi kama wengine wanavyozoea jogoo, na mwamba uliojengwa na viumbe vidogo kwa karne nyingi ulisambaratika kwa muda wa kupiga chafya; wavunaji wakaokota wanaoelea na kuwaacha waliozama, ambao ni wengi zaidi. Samaki walipopungua karibu na pwani, wengine walianza kutega jarife, nyavu kubwa za papa, katika maji ya kina kirefu, na kuanzia mwaka 2004 wavuvi wa Kigombe na vijiji vya jirani wakajikuta wanapandisha silikanti, samaki mzito mwenye mapezi kama viganja, ambaye hadi mwaka 1938, alipovuliwa mmoja Afrika Kusini, wataalamu waliamini ametoweka tangu zama za dinosaria. Kwa ajili yake ilianzishwa mwaka 2009 Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, yenye kilomita za mraba 552. Ni jambo la heri. Ila nacheka kidogo nikifikiri kwamba samaki aliyefaulu kujificha muda wote huo alikuja kutolewa mafichoni na watu waliochoka kungoja changu.

Kuna mahali kungoja kunarudi kwa hiari. Katika vijiji kadhaa vya Mafia na Pemba watu hukubaliana kuufunga mwamba wa pweza kwa miezi kama mitatu, kisha kuufungua. Sababu yake ni rahisi: pweza hukua kwa kasi isiyo ya kawaida, na aliyeachwa kwa mwezi mmoja au miwili zaidi si yule uliyemwacha. Kazi ngumu ni kumzuia jirani asichungulie usiku, na hapo ndipo fomu za miradi huishia na maneno ya wazee huanzia.

Siku ya mwisho ya likizo yangu iliangukia bamvua ya mwezi mpevu. Nilimwomba mjomba twende nyuma ya mikoko usiku, jambo lililomshangaza, kwa sababu huko hakuna cha kuvua. Tulisimama ukingoni, kwenye michu ya bibi, na jangwa likiwa jeupe kama shuka iliyoanikwa. Nilikuwa nimesahau kwamba maji hayaji kwa mawimbi. Yalianza kama weusi mwembamba kati ya mizizi, yakasimama, yakasogea tena upana wa kiganja, na kila yalipogusa chumvi ilitoa mlio mdogo wa kuchacharika, kama mafuta yanayokaribia kupata moto. Kaa wadogo walitoka matunduni wakayakimbilia. Ilichukua karibu saa nzima kabla hayajafika miguuni petu, na muda wote huo mjomba hakusema kitu, alikuwa amekunja suruali tayari.

"Saa ngapi?" akauliza hatimaye. Nilimwambia ni saa kumi na robo.

"Basi kesho ni saa kumi na moja na dakika tano," akasema, akageuka kurudi nyumbani.